Kamba ya Mwituni na Moyo wa Mwanadamu

Hapa Katindo ni vigumu kupita njia bila kuona mmea utambaao. Kuta zetu tumezijenga kwa mawe meusi ya volkano, na marakuja hupenda kupanda juu yake. Mashambani, upande wa Masisi na Rutshuru, maharagwe nayo hupanda juu ya miti yake. Mimea hiyo twaijua tangu utoto wetu. Lakini leo nataka kuwapeni habari za mmea mwingine utambaao, kamba ya mwituni, ambao watu wa Afrika waliujua kabla mtu yeyote hajauandika kitabuni. Mmea huo umeua viboko na nyati, tena umetuliza mioyo ya wagonjwa wengi. Nami nilianza kuutafuta vitabuni kwa sababu ya chupa moja.

Swali la mama mzee

Jioni moja, baada ya mkutano wa shirika letu, mama mzee mmoja alinivuta kando. Akafungua kitambaa chake, akatoa chupa ndogo yenye maji ya rangi ya kahawa. Akasema, «Mwalimu, hii ni dawa ya moyo. Niliinunua kwa mtu aliyetoka porini. Yeye anasema ni kamba inayopanda miti. Uniambie, kuinywa ni dhambi?»

Mama huyu namjua siku nyingi. Miguu yake huvimba, na akipanda njia ya kilima hukosa pumzi. Hospitalini alipewa vidonge vya moyo, naye huvimeza kila asubuhi. Nikamwuliza kama ameviacha. Akajibu, «Hapana, mwalimu. Nanywa vyote viwili, nipate kupona upesi.» Kisha akaongeza kwamba tangu siku nne chakula hakikai tumboni, na kwamba usiku aziona taa kama zimezungukwa na rangi ya manjano.

Seminarini nilifundishwa kujibu maswali ya dhambi. Lakini jioni ile niliona kwamba palikuwa na swali jingine lililotakiwa kutangulia. Yaliyompata mama huyu nitayasimulia mwisho. Kwanza twende mbali kidogo, hata bonde la mto Shire.

Wawindaji wa Shire

Mto Shire watoka Ziwa Nyasa, washuka kusini na kuingia katika mto Zambezi. Tangu mwaka 1858 hata mwaka 1864 David Livingstone aliongoza msafara katika nchi hizo. Pamoja naye alikuwako daktari kijana kutoka Uskoti, jina lake John Kirk, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu wasafiri na kukusanya mimea.

Katika safari zao waliwakuta wawindaji waliopaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Mishale hiyo ilitengenezwa kwa akili nyingi. Ncha ya chuma ilitiwa katika kijiti kifupi, na kijiti hicho kikachomekwa katika mshale wenyewe bila kukazwa sana. Sumu ilipakwa kwenye kijiti. Mnyama alipochomwa na kukimbia, mshale ulianguka, bali ncha na kijiti vilibaki mwilini, sumu ikaendelea na kazi yake. Nyama ya mnyama huyo watu waliila wasidhurike, ila walikata na kutupa sehemu iliyozunguka kidonda. Leo tunajua sababu yake: sumu hii huingia upesi kwa njia ya damu, lakini kwa njia ya tumbo huingia kidogo tu. Wawindaji hawakuwa na maabara. Walitazama, wakakumbuka, wakawafundisha watoto wao.

Sumu ilitoka katika mbegu za mmea utambaao. Wataalamu huuita Strophanthus, jina lililotungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, maana yake ua la kamba iliyosokotwa. Kwa sababu katika aina nyingi petali za ua hurefuka kama mikia iliyopindapinda. Aina zake ni karibu 38, na nyingi ni za Afrika. Nyingine huota katika misitu ya Kongo. Shina lake hupanda miti mikubwa. Matunda yake hutoka mawili mawili, marefu, yakitazamana kama pembe za ng'ombe. Yakikauka hupasuka, na mbegu zenye manyoya laini kama hariri huchukuliwa na upepo.

Mswaki wa Daktari Kirk

Kirk aliweka sumu kidogo mfukoni mwake ili aichunguze. Katika mfuko huo huo aliweka na mswaki wake. Asubuhi alipopiga mswaki aliona uchungu mdomoni, lakini hakushtuka, maana mpini wa mswaki huo alikuwa akiutumia mara nyingine kwa kuonja kinini. Siku hiyo alikuwa na mafua, na moyo wake ulikuwa ukipiga mbio. Mara mapigo yakapungua. Kesho yake alikuwa mzima kabisa. Livingstone aliisimulia habari hii katika kitabu chake cha safari ya Zambezi kilichotoka mwaka 1865.

Wengine wangalicheka na kuyasahau. Kirk aliuliza: kitu kinachosimamisha moyo wa kiboko, je, kikiwa kidogo sana, hakiwezi kutuliza moyo wa mtu? Mwaka 1866 alikwenda kufanya kazi Unguja, na huko alikaa miaka mingi akiwa balozi wa Uingereza. Watu wa pwani wamjua zaidi kwa sababu ya mapatano ya mwaka 1873, ambayo kwayo Sultani Barghash alifunga soko la watumwa. Mwaka 1870 mtaalamu wa mimea Daniel Oliver aliuandika mmea ule kwa jina la Strophanthus kombe. Hivyo neno la wawindaji likaingia katika vitabu vya wataalamu, nalo limo hata leo.

Shida ya kipimo

Mjini Edinburgh alikuwako mwalimu wa udaktari, Thomas Fraser. Tangu miaka ya 1870 alizichunguza mbegu za kombe, akatoa humo kiini chake, kikaitwa strofantini. Aliona kwamba kiini hicho hushika moyo kwanza kuliko viungo vingine. Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wa Uingereza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa moyo kwa dawa ya kombe, na mwaka 1890 akatoa kitabu kikubwa juu yake.

Viwanda vya dawa vikaanza kuagiza mbegu kutoka Afrika. Hapo ndipo shida ilipotokea. Magunia yaliyofika Ulaya hayakuwa na mbegu za aina moja. Za kombe zilichanganyika na za ndugu zake. Chupa moja ilikuwa dhaifu, na nyingine yenye jina lile lile ilikuwa kali mno. Tena dawa iliyonywewa kwa mdomo iliingia mwilini kwa mmoja nyingi, kwa mwingine kidogo. Daktari hakuweza kujua hakika amempa mgonjwa wake kiasi gani. Mwaka 1906 daktari Albert Fraenkel, mjini Strasbourg, alipata njia nyingine: alichukua strofantini safi iliyopimwa, akaitia kidogo kidogo katika mshipa wa damu kwa sindano. Wagonjwa waliokuwa wakikosa pumzi walipata nafuu upesi. Kwa miaka mingi madaktari wa Ujerumani waliitumia sana njia hiyo.

Kwa nini kitu kimoja huponya na kuua? Jibu lilikuja baadaye. Katika kila chembe ya mwili wetu mna kitu kama pampu ndogo, kitoacho sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mwaka 1953 Hans Schatzmann, mtu wa Uswisi, alionyesha kwamba dawa za namna ya strofantini huizuia kazi hiyo. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark aliitambua pampu yenyewe, na kwa ajili hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu ikipunguzwa kidogo, kalsiamu huongezeka katika chembe za moyo, na moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa mno, moyo hupoteza taratibu yake, kisha husimama. Tofauti kati ya dawa na sumu ni ndogo sana, nayo si ya pepo wala ya mizimu. Ni ya kipimo.

Mama mwingine mzee

Msiseme kwamba Afrika peke yake ndiyo iliyokuwa na waganga wa mimea. Mwaka 1785 daktari William Withering wa Birmingham, Uingereza, alitoa kitabu juu ya mmea wa maua uitwao digitalis. Mwenyewe aliungama wazi alikoipata habari yake: kwa mama mzee wa jimbo la Shropshire, aliyetibu watu waliovimba maji mwilini, na kuponya hata wale ambao madaktari walikuwa wameshindwa nao. Dawa yake ilichanganywa mimea 20 na zaidi. Withering alitafuta kati ya yote hata akajua kwamba nguvu ilikuwa katika mmoja. Kisha kwa miaka kumi alipima: majani kiasi gani, yachumwe lini, yakaushwe namna gani. Aliandika pia dalili za aliyezidishiwa: hutapika, mapigo ya moyo huwa polepole mno, na vitu huviona vya rangi ya kijani au ya manjano.

Mwaka 1930 kutoka ndugu wa mmea huo kilipatikana kiini kiitwacho digoksini. Vidonge vyake hutolewa hata leo kwa wagonjwa wa moyo, na Goma pia. Navyo hufanya kazi kwa njia ile ile kama kombe, kwa kuizuia pampu ile ile. Msomaji mwenye masikio ameanza kufahamu hatari iliyokuwa ndani ya kile kitambaa cha mama mzee wa Katindo.

Mbegu iliyofanywa hakimu

Kabla ya kombe, Fraser alikuwa amechunguza mmea mwingine utambaao, nao unatuhusu sana sisi Wakristo wa nchi hizi. Huko Calabar, Nigeria, mtu aliyeshtakiwa uchawi alipewa kula mbegu za mmea huo. Akifa, walisema ni mchawi. Akitapika na kupona, walisema hana kosa. Katika nchi zetu nasi tulikuwa na viapo vya namna hiyo. Waswahili walikiita kiapo cha mwavi. Mwaka 1855 daktari Robert Christison wa Edinburgh alila kipande cha mbegu ya Calabar ili aonje nguvu yake, naye akawa karibu kufa. Mwanafunzi wake Fraser aliiandikia mbegu hiyo kazi yake ya mwaka 1862. Mwaka 1864 kiini chake kilipatikana, na tangu miaka ya 1870 kilianza kutumiwa kwa ugonjwa wa macho wa shinikizo, ule unaopofusha polepole.

Tufikiri basi. Kama mbegu ile ingalikuwa na akili ya kuwatambua wachawi, ingaliwezaje kukaa katika chupa ya dawa ya macho? Haikumhukumu mtu. Aliyeitapika mapema alipona, na aliyeishika tumboni alikufa, awe mwema au mbaya. Mpaka leo tunasikia vijijini, hata mjini, kikongwe akinyoshewa kidole kwa sababu mtoto wa jirani amekufa. Historia ya mbegu hii yatosha kutufunga midomo.

Mbio za mwaka 1949

Kamba ya mwituni ilitafutwa tena kwa sababu nyingine. Mwaka 1948 daktari Philip Hench, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, alimchoma sindano za kortisoni mama aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache mama huyo alitembea. Hench na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini kortisoni ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa kazi ndefu sana, na wagonjwa walikuwa wengi. Ikajulikana kwamba mbegu za aina moja ya Strophanthus, iitwayo sarmentosus, zaweza kuwa na kiini cha kufupisha kazi hiyo. Mwaka 1949 wataalamu wa mimea walitumwa Afrika kuitafuta.

Waliona jambo ambalo mganga yeyote wa mimea angaliwaambia: mmea wenye jina moja hauna nguvu moja kila mahali. Wa huku una kiini kile, na wa kule hauna. Mwishowe kortisoni ya bei nafuu ilipatikana kwa njia nyingine: kutoka viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko, ambavyo navyo ni mmea utambaao, na kwa msaada wa kuvu aliyetumiwa na kiwanda cha Upjohn tangu mwaka 1952. Mbio za kutafuta sarmentosus zikatulia.

Majina yaliyosahauliwa

Nilipokuwa nikiandika habari hizi niliona kitu kimoja. Majina ya Kirk, Fraser, Fraenkel na Withering yote tunayo, na ni haki yao, maana walipima na kuandika. Lakini mwindaji wa Shire aliyezijua mbegu za kombe hana jina katika historia hii. Mama wa Shropshire naye hana. Wote wawili waliificha elimu yao kama urithi wa nyumba. Elimu iliyofichwa hufa pamoja na mwenyewe, au hupita mikononi mwa wengine bila jina la aliyeitoa.

Hapa Kivu hatukosi njia ya kufanya vizuri zaidi. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, kiko kituo cha uchunguzi kilichotokana na taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, nacho kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kuandikwa. Kijana aliyesoma aweza kukaa na babu yake, akaandika katika daftari: mmea huu waitwaje kwa lugha yetu, waota wapi, sehemu gani hutumika, kwa ugonjwa gani, kiasi gani, na nani asipewe. Kazi hiyo haihitaji mashini. Yahitaji kalamu na heshima kwa wazee.

Tena nawaonya, wapenzi wasomaji: mtu asiende mwituni kutafuta kamba ya Strophanthus baada ya kusoma habari hizi. Hakuna kijiko wala kikombe cha nyumbani kiwezacho kuipima. Hata madaktari wenyewe wengi wameiacha, wakashika dawa ambazo kipimo chake ni hakika zaidi.

Jibu langu

Sasa nirudi kwa mama mzee. Jioni ile nilimwomba asinywe tena, akakubali kwa shida. Asubuhi tulikwenda pamoja hospitalini, chupa mkononi. Daktari alishika mkono wake akahesabu mapigo: 42 kwa dakika. Akaniuliza mmea wa chupa unaitwaje. Sikujua. Mama naye hakujua. Aliyeiuza alikuwa amekwisha kwenda zake. Daktari hakumgombeza mama wala hakuwatukana waganga wa porini. Alisema tu, «Siwezi kujua kilichomo humu. Najua tu kwamba moyo huu umepewa zaidi ya unavyoweza kuchukua.» Vidonge na chupa vyote vikasimamishwa, naye akalazwa chini ya ulinzi siku sita. Taa zikarudia rangi yake. Baadaye akaanzishiwa vidonge tena, kwa kipimo kidogo.

Alipotoka aliniuliza tena, maana swali lake nilikuwa sijalijibu. «Mwalimu, basi ilikuwa dhambi?»

Nikamwambia: Mama, Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anatufundisha kwamba dawa za ardhini ni kazi ya Mungu, na katika sura hiyo hiyo anatuagiza kumheshimu tabibu. Mmea si dhambi. Wala aliyekuuzia sisemi kwamba alikutakia mabaya. Lakini ukipewa chupa isiyo na jina wala kipimo, na ukamficha daktari wako, umeuweka moyo wako mahali Mungu asipokutuma. Siku nyingine usiniulize mimi kwanza kama ni dhambi. Muulize anayekupa: ni mmea gani? Kiasi gani? Je, waweza kukutana na vidonge vyangu? Asipoweza kujibu, mrudishie chupa yake.

Mama akacheka kidogo. Akasema, «Maswali matatu tu? Hata mimi nisiyesoma nitayashika.» Tangu siku hiyo amewafundisha maswali hayo akina mama wa shirika lake lote, nao hunikumbusha mimi nikiyasahau.